Amotisere Ngumu, Amotisere Laini

Hakuna mtu Kamina asiyejua amotisere gani zinalifaa gari langu. Mama anayeuza mikate mbele ya duka langu la fotokopi anajua. Katekista wa mtaa wetu anajua, na hajawahi kumiliki hata baiskeli. Mtu pekee aliyekuwa hajui ni mimi mwenye gari, na kiangazi kizima kutojua kwangu kulikuwa shughuli ya watu wote.

Amotisere, kwa asiyezijua, ni yale mabomba ya chuma yenye mafuta ndani, moja kwa kila gurudumu, yanayozuia gari lisiendelee kudunda baada ya kuvuka shimo. Springi inabeba, amotisere inaituliza springi. Ni kitu kinachokaa gizani, kinapakwa matope, na hakuna mtu anayekikumbuka mpaka kife. Za kwangu zilikufa mwanzoni mwa kiangazi. Ukikandamiza pembe ya gari lenye afya, linashuka, linapanda, linatulia. La kwangu lilikuwa likiendelea kuitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali kila analoambiwa.

Kwa gari la kwenda sokoni hilo linavumilika. Lakini sisi tuna kiwanja chetu. Ng'ambo ya reli, nje ya mji, kuna shamba lililoachwa, na sisi watu wazima wenye akili timamu, kila Jumapili baada ya misa na kabla ya chakula, tunazungusha magari yetu humo kwenye udongo mwekundu. Hakuna zawadi. Mmoja anaendesha, wengine wanamshikia saa kwenye simu, kisha tunabishana mpaka njaa itutawanye. Njia ina sehemu ndefu iliyonyooka, ina kona kubwa inayozunguka pipa lenye kutu, na baada ya pipa kuna mawimbi ya udongo, magumu, yaliyopangana kama bati. Jumapili ile amotisere zilipokufa, gari langu liliinama sana kwenye pipa hata wenzangu wakasema waliona tumbo lake. Walilisema hilo kwa furaha kubwa.

Basi nikaanza kutafuta amotisere, yaani nikaanza kupewa mashauri.

Fundi wangu ana gereji nyuma ya stesheni. Tunafahamiana tangu ujana, na ananiita kaka kila anapotaka niache kubisha. Yeye imani yake ni moja: amotisere ngumu. Ngumu kabisa, hata ukikalia boneti gari lisijue. Haya aliyajifunza kwenye simu, kwa kutazama magari ya mbio ya nchi nyingine. Nikamwambia magari yale yanakimbia juu ya lami, sisi hatuna lami. Akanijibu kwamba lami itakuja.

Nikaenda sokoni kwa mwuza vipuri, mzee wa familia ya Kiislamu ambayo ilifika huku kutoka Maniema zamani za mababu zake. Ni mpole mno, na upole wake unachosha kuliko ukali wa fundi. Alinipangia mezani amotisere za mafuta matupu na za gesi. Alikandamiza fimbo ya ile ya gesi, nayo ikapanda yenyewe pole pole. Alikandamiza ya mafuta, ikabaki chini. Nikamwuliza ipi bora. Akasema hii ni nzuri. Na ile? Ile pia ni nzuri. Nikamwuliza kama wewe ndiye ungekuwa unazunguka pipa, ungefunga ipi. Akafikiri, akasema inategemea roho ya mwenye gari. Nilitoka pale nikiwa na roho mbaya.

Mwishowe nilichukua ngumu, kwa sababu nilichoka kumsikiliza fundi. Zilikuja kutoka Lubumbashi, zikafungwa, na Jumapili nikaingia kiwanjani. Kwenye kona ya pipa gari lilisimama wima kama askari, nikafurahi peke yangu mle ndani. Kisha nikafika kwenye mawimbi. Pale magurudumu yaligusa udongo pale tu yalipopenda yenyewe, na gurudumu lililo hewani halisikii usukani. Niliteleza upande upande mpaka kwenye majani. Fundi alisema kosa ni la mawimbi.

Nilikuwa nikiwaza hayo, namna ya kupata kitu kigumu kwenye kona na kipole kwenye mawimbi, wakati mama mkwe wangu alipofika nyumbani.

Yeye ni mtu wa Kinkondja, kando ya ziwa, na kazi yake maisha yote imekuwa kukausha samaki. Aliteleza akishuka kwenye mtumbwi, akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akaungwa, na sasa alitakiwa kwenda kila Alhamisi katika hospitali iliyo upande wa pili wa mji, kwa muuguzi anayenyoosha viungo. Muuguzi alisema wazi: mguu ule haukunji goti, na usipofanyiwa mazoezi utakauka hivyo hivyo, na mama hatarudi tena kwenye vichanja vyake vya samaki. Pikipiki alimkataza kabisa, na Kamina teksi ni pikipiki. Lilibaki gari langu.

Hapa naeleza jambo ambalo Muluba, mtu wa kabila letu, hahitaji kuelezwa. Mume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawali mbele ya macho ya mwenzake, na hawaongei ila kwa kupitia mtu. Nikitaka kupita uani napiga makofi pole pole, naye anajifunika uso kwa kitenge mpaka nipite. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na heshima hiyo ni kubwa kuliko nyumba yangu, ambayo ina vyumba vitatu na mlango mmoja wa nyuma. Wiki ile ya kwanza nilipiga makofi mpaka majirani wakadhani tumeanzisha kikundi cha maombi.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, lenye usukani kulia kama mengi yanayotufikia kupitia Zambia. Tulimketisha mama katikati ya kiti cha nyuma, mke wangu akimshika mabega, na ule mguu usiokunja ukanyooshwa mbele, katikati ya viti viwili, kando ya mti wa gia. Kiti cha mbele karibu nami hakikuwezekana hata kufikiriwa. Nikageuza kioo cha ndani kikatazama paa. Tukavuka reli, tukapita mtaa wa soko. Nilijitahidi. Nilikwepa mashimo niliyoyajua nikaingia nisiyoyajua.

Baada ya safari ya pili mke wangu alinifuata dukani, akasimama kando ya mashine ya fotokopi mpaka mteja akaondoka. Akasema mama haendi tena hospitali kwa gari lile, kwa sababu linamrusha. Amotisere ni ngumu mno.

Sikuamini masikio yangu. Mwanamke aliyekulia kwenye mitumbwi, ambaye mwezi uliopita alikuwa hajalisikia neno lenyewe, naye sasa alikuwa na maoni kuhusu amotisere. Nilimwuliza mke wangu kama mama angependa pia kuchagua matairi. Hakucheka. Na kwa kuwa siwezi kwenda kumwuliza mwenyewe anaumia wapi na kiasi gani, nilibaki na neno lile moja, linamrusha, na bisibisi.

Fundi alizitoa zile ngumu kwa uso wa msiba. Tukafunga amotisere laini, za okazyo, yaani zilizokwisha tumika Ulaya, ambazo mzee wa vipuri aliziita nzuri pia. Safari hii niliamua kutafuta ushahidi. Niliweka beseni la maji kwenye kiti cha nyuma, likajaa karibu na ukingo, nikaendesha mpaka lango la hospitali na kurudi. Watu waliniona nikitembeza beseni mjini, nikasikia mengi. Lakini kiti kilikuwa kimelowa kidogo tu. Nikamwita mke wangu, nikamwonyesha maji. Akayatazama, akaenda kuongea na mama, akarudi. Mama anasema sasa linayumba. Linamrusha pole pole.

Siku ya Alhamisi hakwenda. Jumapili yake nilienda kiwanjani na gari lililolegea kama godoro, nikalizungusha pipa nikiwa nimekaa karibu upande wa abiria. Mmoja wa wenzetu, sajenti anayeishi na jamaa zake kule base, kwenye kambi ya jeshi, aliniuliza kama gari limekunywa.

Nikajaribu njia ya tatu. Nilikaa na karatasi nikachora, ngumu mbele, laini nyuma, kwa hesabu kwamba mama anakaa nyuma na kona inaamuliwa mbele. Nilijiona nina akili. Fundi alisema gari si sambusa, huwezi kuweka hiki huku na kile kule, kisha akafunga huku akinung'unika. Kwenye kiwanja pua ya gari iliingia kwenye kona vizuri, na mkia ukaamua kwenda kwake. Nilizunguka mzima mzima, nikasimama nikitazama nilikotoka, na vumbi likanipita. Na Alhamisi mama hakwenda tena. Sababu ilikuwa ile ile, amotisere.

Hasira niliyokuwa nayo siku zile sikuijua jina. Nililala nayo, niliamka nayo, niliitia kwenye fotokopi za watu zikatoka zimepinda. Nilikuwa nimegeuza lile gari mara nyingi kuliko mtu anavyogeuza muhogo juani, kwa ajili ya mtu ambaye siruhusiwi hata kumwuliza swali. Kisha muuguzi akatuma ujumbe kupitia mke wangu. Mguu umeanza kukauka. Zikipita wiki nyingine hivi, asimlaumu mtu. Mke wangu alilia jikoni, uso ukiwa umeelekea ukuta, na mimi nilikwenda pahali pekee ambapo hasira yangu ilikuwa na kazi. Nilikwenda chini ya gari.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilipandisha nyuma kwa jeki, nikaweka matofali, nikatoa gurudumu, nikalala chali na spana. Miguu yangu ilikuwa nje, kichwa ndani. Nikasikia fimbo ikigonga udongo wa uani, ikisogea, ikasimama. Kwa chini niliona ncha ya kitenge, fimbo, na ule mguu ulionyooka kama mwiko. Mke wangu alikuwa ametoka. Nilitaka kupiga makofi, lakini mtu aliyelala chini ya gari na spana mkononi atapigaje makofi? Yeye aligonga mlango wa gari kwa kiganja, taratibu, kama anavyogonga mtu kwenye nyumba ya watu.

"Weye motokari," alisema, "sikia. Minyi sina maneno na miguu yako. Baache kukutosha miguu na kukurudishia kila siku, utachoka bure."

Fimbo ikasogea karibu na mlango.

"Maneno iko ku ule mwenye kukuendesha. Muguu yangu haikunje, banaitia pale karibu na mukono yake. Akishika ile muti ya kubadirisha vitesi, ananigusa. Ukianguka mu shimo, muguu yangu inaanguka ku mukono yake. Kila shimo. Na minyi njo mama ya bibi yake." Akagonga tena kwa kiganja. "Muguu ikauke. Kukauka iko muzuri kupita ile haya."

Fimbo ikageuka. Kisha akasimama tena.

"Minyi nimesema na weye. Na muntu sikusema."

Akaenda zake, polepole, mguu ukiburuta. Mimi nilibaki pale chini, mafuta yakinidondokea shavuni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kwa maana ule mguu nilikuwa nimeuhisi. Ningekosaje kuuhisi? Kila nilipoingiza gia ya tatu kisigino chake kilikuwa pale, nami nilishika gia kwa ncha za vidole, nikatazama barabara kwa bidii, nikaamini kwamba kitu kisichotajwa hakipo. Naye alikuwa nyuma yangu amejifunika kitenge, akiamini mimi sitamheshimu tena, na kila shimo la mji huu likiturusha mmoja kwa mwenzake. Kweli gari lilikuwa linamrusha. Mama wa watu hakudanganya hata neno moja.

Mke wangu aliporudi nilimwuliza kama alijua. Alijua. Alijua tangu safari ya kwanza. Nikamwuliza kwa nini basi ameniacha nikabadilisha amotisere mpaka mji mzima ukanicheka, nikatembeza beseni barabarani, nikagombana na fundi, wakati mguu wa mama yake unakauka. Nilipandisha sauti, nakiri, halafu nikakumbuka ukuta ni mwembamba nikaishusha.

"Ningesema namna gani?" aliniuliza. "Niseme muguu ya mama inagusa bwana yangu? Ile haisemewake. Amotisere inasemewaka."

Swali hilo nimelitafutia jibu kwa hasira mpaka leo.

Nikasema basi, dawa ni rahisi, fundi ataendesha. Mke wangu akanitazama kwa huruma. Fundi ananiita kaka, kwa hiyo naye ni mkwe. Sajenti je? Sajenti alikula harusi yetu, akasimama upande wangu, ni mkwe. Nikaanza kuwataja wote wa kiwanjani mmoja mmoja, na kumbe kiwanja kizima kilikuwa kimemwoa binti wa mama huyu. Hata mzee wa vipuri tulimtupilia mbali, kwa sababu wakati wa mahari ndiye aliyetusindikiza. Nikauliza sasa abaki nani. Mke wangu akanyoosha mkono, akachukua ufunguo uliokuwa mezani.

"Minyi niko mutoto yake," akasema.

Alikuwa hajawahi kuendesha hata toroli. Hivyo Jumapili iliyofuata, badala ya mimi kutafuta sekunde zangu kwenye pipa, nilisimama kando ya kiwanja huku mke wangu akilizunguka kwa gia ya kwanza, injini ikilia kama mbuzi anayechinjwa. Wenzangu walizima magari yao wakampisha. Walikuwa na adabu ambayo sikuwahi kuiona wakati wa zamu yangu. Gari lilikuwa na amotisere za mchanganyiko, na fundi akamwuliza, yeye, si mimi, kama zinamfaa. Akasema hapana, anataka zile ngumu za mwanzo, kwa sababu na hizi hasikii barabara inasema nini. Fundi alinigeukia akiwa amefungua mikono. Kuna watu wanaoshinda ubishi kwa makosa, na hao ndio hawasahau.

Tulizirudisha ngumu. Jumapili nzima, na kila jioni baada ya kufunga duka, alizunguka lile pipa. Alilipiga pia. Kwenye mawimbi alirukaruka kama mahindi kwenye sufuria, macho yameganda mbele, na kila nilipofungua mdomo kumwelekeza alikuwa ameshanipita. Nilimkaripia kuhusu klachi, akanikaripia kuhusu kukaripia. Niliporudi nyumbani nilikuwa nimekauka koo, na mtu aliyeniuliza kuhusu amotisere wiki ile alijuta.

Alhamisi ikafika. Mimi sikutakiwa kuwepo. Nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko, ndani ya bustani ya mchicha, mikono nyuma. Nilisikia jirani yetu wa kike akimsaidia mama kuingia, nikasikia mguu ukinyooshwa mahali pake, kando ya gia, kwenye mkono wa binti yake. Milango ikafungwa. Injini ikawaka, ikazima, ikawaka. Gari likatoka langoni kwa kishindo, na badala ya kukata kushoto kama nilivyomfundisha, likaenda moja kwa moja kwenye lile shimo la mbele ya nyumba ya jirani, shimo ambalo hata baiskeli zinalizunguka.

Kwa amotisere zile, kishindo chake nilikihisi kwenye meno. Nilifumba macho nikingoja kilio.

Kikaja kicheko. Kicheko kikubwa cha mwanamke mzee, kilichoanza kwa kukohoa na kikakataa kuisha, na cha mke wangu kikakifuata, na gari likaendelea kwenda huku gia ikisaga na wao wakicheka. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa chini ya paa langu wiki zote zile, na nilikuwa sijui kwamba ni mtu wa kucheka.